Kukusanya na Kuthamini Stempu za Enzi ya Malkia Victoria: Mwongozo Kamili

Stempu ya kwanza duniani ya kubandikwa kwenye barua, ile ya peni moja ya wino mweusi inayojulikana kote kwa jina la Penny Black, ilianza kuuzwa Uingereza tarehe 1 Mei 1840 na kuruhusiwa rasmi kutumika kuanzia tarehe 6 ya mwezi huo. Zilichapwa zaidi ya milioni 68. Kwa kuwa barua za wakati ule kwa kawaida zilikuwa karatasi iliyokunjwa yenyewe bila bahasha, mawakili, benki na wafanyabiashara waliotunza barua zao walizitunza pamoja na stempu zake, na inakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja bado zipo. Anayeanza kukusanya stempu za enzi hiyo alielewe jambo hili kabla hajatoa fedha yoyote: ukongwe peke yake hauipandishii stempu bei. Bei hupangwa na aina yake hasa, hali yake, na uhakika wa kuwa ni halisi, na sehemu kubwa ya mambo hayo matatu husomwa kwenye kipande chenyewe na mtu aliyejifunza kutazama.

Hatua ya kwanza: Kuchagua pa kuanzia

Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi alipofariki tarehe 22 Januari 1901, na stempu zenye sura yake zilitolewa Uingereza na katika makoloni mengi kiasi kwamba anayetaka kuzikusanya zote hamalizi, na kwa kawaida huishia kuwa na rundo badala ya mkusanyo. Chagua eneo dogo. Nashauri usianze na Penny Black, ingawa ndiyo inayotajwa sana, kwa sababu nakala nzuri ni ghali na mgeni hana namna ya kujua kama bei aliyotajiwa ni ya haki.

Anza na Penny Red. Stempu hii ya peni moja, nyekundu inayokaribia kahawia, ilichukua nafasi ya ile nyeusi mwezi Februari 1841, ikaendelea kutumika hadi mwisho wa miaka ya 1870, na ilichapwa kwa mabilioni. Bei ya nakala za kawaida ni ndogo, na bado ndani yake mna karibu kila somo ambalo mkusanyaji anahitaji: isiyo na matundu ya kuchania pembeni na yenye matundu, alama ya maji (mchoro uliomo ndani ya karatasi, unaoonekana kwenye mwanga) ya aina mbili, karatasi ya samawati na nyeupe, herufi za pembeni, nambari za mabamba ya kuchapia, na mihuri ya posta ya kila namna. Anayetaka kitu cha bei ya chini zaidi anaweza kuanza na Penny Lilac ya 1881, ambayo zilichapwa zaidi ya bilioni 33.

Njia ya tatu, inayotuhusu sisi moja kwa moja, ni stempu za Victoria zilizotumika Afrika Mashariki. Nitazieleza peke yake baadaye, kwa kuwa ni eneo tamu lakini lenye mitego mingi.

Hatua ya pili: Vifaa

Vifaa ni vichache. Unahitaji kibanio chenye ncha bapa kisicho na meno, kwa sababu mafuta ya vidole huacha madoa; lenzi inayokuza mara kumi; rula yenye milimita; na kipima matundu, ambacho ni kadi yenye safu za nukta za kulinganisha na matundu ya stempu. Ongeza kisahani cheusi cha kutazamia alama ya maji na taa yenye mwanga mweupe. Vipande vinavyosubiri kupangwa viwekwe katika kitabu chenye mifuko myembamba ya kuchomekea, kisicho na plastiki laini ya bei rahisi, kwa kuwa plastiki hiyo hutoa kemikali zinazoharibu wino na karatasi.

Katalogi ya Stanley Gibbons, kampuni ya Uingereza iliyotoa orodha yake ya kwanza ya bei mwaka 1865, ndiyo inayotumiwa na wauzaji wengi wa stempu za Uingereza na makoloni yake, na nambari zake ndizo lugha ya biashara hii. Huna haja ya toleo la mwaka huu. Toleo la miaka mitano au kumi iliyopita linatosha kwa kutambua aina, kwa sababu yanayobadilika sana ni bei, wala bei za katalogi hazipaswi kukuongoza peke yake, kama tutakavyoona.

Hatua ya tatu: Kuitambua stempu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo fedha hupatikana au hupotea. Fuata mpangilio mmoja kila mara, usiruke, na usianze na rangi. Rangi ndiyo inayovutia macho kwanza, lakini hubadilika kwa mwanga wa jua, kwa hewa na kwa maji.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba stempu ni ya Uingereza. Stempu za Uingereza hazina jina la nchi. Kichwa cha Malkia ndicho kitambulisho. Ikiwa lipo jina la nchi au koloni, hata kama sura ni ileile, uko kwenye ukurasa mwingine wa katalogi.

Kisha tazama namna ilivyochapwa. Stempu za peni moja na peni mbili za mwanzo zilichapwa na kampuni ya Perkins Bacon kwa mabamba ya chuma yaliyochongwa, ambapo wino hukaa ndani ya mistari iliyochimbwa na kuinuka kidogo juu ya karatasi. Ukiinamisha stempu chini ya taa unaiona mistari hiyo ikiwa imara na myembamba sana. Kuanzia 1855 kampuni ya De La Rue ilianza kuchapa thamani za juu, kwanza peni nne, kwa njia ya wino wa juu ya bamba, na mchapo wake ni bapa. Kufikia 1880 kazi yote ilikuwa mikononi mwa De La Rue. Katikati ya njia hizi mbili kuna stempu za pembe nane zilizotolewa kati ya 1847 na 1854, za shilingi moja, peni kumi na peni sita, ambazo kichwa chake kimesukumwa kikatokeza juu ya karatasi. Hazikuwa na matundu, na watu wengi walizikata kwa mkasi wakifuata umbo lake. Nakala iliyokatwa namna hiyo ina thamani ndogo sana ikilinganishwa na iliyoachwa na karatasi yake ya mraba.

Sasa matundu. Stempu za mwanzo zilikatwa kwa mkasi. Henry Archer alifanya majaribio ya mashine za kutoboa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840, na mwaka 1854 stempu zenye matundu zikaanza kutolewa rasmi. Kipimo ni idadi ya matundu katika sentimita mbili: mwanzoni yalikuwa 16, lakini karatasi ilichanika kwa urahisi mno, na kuanzia 1855 yakapunguzwa kuwa 14. Katika kipindi hichohicho alama ya maji ilibadilishwa kutoka taji dogo kuwa taji kubwa. Mabadiliko hayo mawili hayakwenda sambamba siku moja, kwa hiyo kuna Penny Red za taji dogo zenye matundu 16 na nyingine zenye 14, na za taji kubwa zenye 16 na zenye 14. Kwa macho ya kawaida zinafanana. Katika katalogi zina nambari tofauti na bei zinazoachana mbali. Sanduku la Penny Red ambazo hazijakaguliwa linaweza kuficha nakala bora kwa sababu hii tu, ingawa wauzaji wazoefu kwa kawaida wamekwisha kuzipitia.

Ili kuiona alama ya maji, weka stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi na uinamishe taa. Nyingi huonekana zikiwa kavu. Pale inapokataa, wakusanyaji hudondoshea matone ya benzini safi inayokauka upesi. Fanya hivyo penye hewa ya kutosha, mbali kabisa na moto, na baada tu ya kushindwa kwa njia kavu. Kwa stempu za De La Rue alama ya maji ni ya lazima, kwa sababu peni sita ya zambarau, kwa mfano, inaweza kuwa na alama ya maua ya nembo au ya tawi la waridi, na kila moja ni stempu tofauti.

Baada ya hapo soma herufi. Karatasi kamili ya stempu za peni moja ilikuwa na stempu 240, safu 20 za stempu 12; safu iligharimu shilingi moja na karatasi nzima pauni moja. Kila stempu ilipewa herufi mbili katika pembe za chini: ya kushoto inaonyesha safu, kuanzia A hadi T, na ya kulia inaonyesha nafasi ndani ya safu, kuanzia A hadi L. Stempu yenye JD ni ya nne katika safu ya kumi. Lengo lilikuwa kuwatatiza waghushi. Leo herufi hizo zimegeuka kuwa mchezo wa wakusanyaji, kwani wapo wanaojenga upya karatasi nzima kuanzia AA hadi TL kwa vipande kutoka barua 240 tofauti. Kwa Penny Red jambo hilo linawezekana kwa fedha ya wastani, na ni mazoezi bora ya macho.

Ukiona herufi katika pembe zote nne za Penny Red, una stempu ya toleo lililoanza kutumika 1864, yaani nambari 43 na 44 za Stanley Gibbons. Hizi zina nambari ya bamba iliyofichwa ndani ya nakshi za kushoto na kulia, ikiwa imesimama wima, na inahitaji lenzi na subira, hasa pale muhuri ulipoifunika. Nambari huanzia 71 na kuishia 225, na baadhi yake, kama vile 75, 126 na 128, hazikutumika. Bamba la 225 lina bei ya juu kuliko mengi. Bamba la 77 ni hadithi nyingine kabisa: lilikataliwa kwa kasoro, lakini vipande vichache vikatoroka, na kila kilichothibitishwa kina thamani ya mamia ya maelfu ya pauni. Kwa sababu hiyo wengi hudhani wameipata. Karibu kila mara tarakimu moja imefunikwa na muhuri, na kilichopo ni 73, 177 au nambari nyingine inayofanana.

Kwa Penny Black, nambari ya bamba haikuchapwa kwenye stempu. Mabamba yalikuwa 11, na mtaalamu huyatambua kwa kupima mahali hasa herufi zilipokaa ndani ya viboksi vyake, kwa kuwa zilipigwa kwa mkono, moja moja. La 11 ndilo ghali zaidi, kwa sababu lilitengenezwa kwa ajili ya stempu nyekundu na likachapa nyeusi chache tu. Usijaribu kazi hiyo bila picha nzuri za kulinganishia. Kwa peni mbili ya samawati jambo ni rahisi zaidi: ya 1840 haina mstari mweupe chini ya neno la juu na juu ya neno la thamani, ya 1841 inayo, na ya kwanza ndiyo yenye bei kubwa.

Penny Lilac nayo hutambuliwa kwa kuhesabu. Katika kila pembe kuna nukta ndogo kama lulu: toleo la Julai 1881 lina 14, na la Desemba 1881 lina 16. La nukta 14 lilidumu kwa miezi michache tu na bei yake ni ya juu zaidi, ilhali la nukta 16 ndilo lililochapwa kwa mabilioni. Hesabu pembe mbili, si moja, maana wino uliojaa huunganisha nukta.

Mwisho kabisa, tazama muhuri. Mihuri ya mwanzo ilikuwa na umbo la msalaba wa Malta, kwanza kwa wino mwekundu. Wino huo ulifutika kwa urahisi na watu wakatumia stempu mara ya pili, na kwenye stempu nyeusi haukuonekana vizuri. Ndiyo sababu mwaka 1841 stempu ikageuzwa kuwa nyekundu na wino wa muhuri kuwa mweusi. Kuanzia 1844 msalaba ulibadilishwa kwa mihuri yenye mistari na nambari ya ofisi ya posta. Nambari hizo zina faida kwa anayezichunguza: A26 ni Gibraltar, A25 ni Malta, B01 ni Alexandria, na herufi C peke yake ni Istanbul, ambako Waingereza walikuwa na ofisi zao za posta. Stempu ya kawaida ya Uingereza yenye muhuri wa namna hiyo huhesabiwa kuwa ilitumika ng'ambo, na bei yake hupanda.

Hatua ya nne: Kupima hali yake

Stempu mbili za nambari moja zinaweza kutofautiana bei mara ishirini kwa sababu ya hali peke yake. Kwa zisizo na matundu, kigezo kikuu ni pambizo. Nakala nzuri ina karatasi nyeupe inayoonekana pande zote nne. Ikiwa mkasi umegusa mchoro upande mmoja, bei hushuka sana, na ikiwa umeingia pande mbili au tatu, inakuwa kijazio cha nafasi. Penny Black iliyokatwa vibaya hupatikana kwa makumi ya pauni, ilhali yenye pambizo nne pana na muhuri safi hudai mamia.

Kwa zenye matundu, tazama kama mchoro umekaa katikati. Wakati wa Victoria mashine hazikuwa makini, kwa hiyo nakala zilizokaa katikati ni chache na hulipwa zaidi. Tazama pia uzito wa muhuri: wa duara wenye tarehe iliyopigwa kidogo pembeni hupendwa kuliko mistari mizito iliyozika uso wote. Alama ya kalamu kwa kawaida inamaanisha stempu ilitumika kwa ushuru na si kwa barua, na inashusha thamani.

Geuza upande wa nyuma. Mahali palipochubuka karatasi ikawa nyembamba, panapoonekana kwa kuinua stempu kwenye mwanga, ni kasoro kubwa hata kama mbele inameremeta. Mikunjo, michano midogo, pembe zilizokatika na madoa ya kahawia ya ukungu huhesabiwa vilevile. Ikiwa stempu haijatumika, gundi ya asili huongeza thamani, na kwa sababu hiyohiyo wapo wanaopaka gundi mpya.

Usiioshe stempu kwa haraka. Nyekundu za Perkins Bacon kwa kawaida huvumilia maji ya uvuguvugu, lakini toleo la 1883 na 1884 la rangi za kijani na zambarau lilichapwa kwa wino uliokusudiwa kufutika ukiguswa na maji, ili wadanganyifu wasiweze kuosha muhuri. Stempu hizo zikilowa hupoteza rangi yake, na thamani huondoka nayo. Wala usibandue stempu yoyote kutoka kwenye barua au bahasha kamili ya karne ya 19 kabla ya kuuliza, kwa sababu anwani, njia na mihuri ya nyuma mara nyingi huwa na thamani kupita stempu.

Stempu za Victoria katika Afrika Mashariki

Mwezi Mei 1890 kampuni ya Kiingereza iliyopewa mamlaka ya kutawala pwani na bara ya Kenya ya leo ilitoa stempu zake za kwanza, nazo zilikuwa stempu za Uingereza zenye sura ya Victoria, za peni moja, peni mbili na peni tano, zilizochapwa juu yake jina la kampuni na thamani mpya kwa ana, sarafu ya India iliyokuwa sehemu ya rupia: nusu ana, ana moja na ana nne. Peni moja iliyotumika ni ileile Penny Lilac tuliyokwisha kuizungumzia. Akiba iliisha ndani ya miezi michache, na Mombasa ikatumia stempu za India mpaka stempu mpya za kampuni, zenye jua na taji, zilipofika Oktoba mwaka huohuo. Serikali ya Uingereza ilipoichukua nchi kutoka kwa kampuni mwaka 1895, stempu za India zenye sura ya Malkia zilipigwa chapa ya jina la eneo, kisha 1896 zikaja stempu rasmi zenye Malkia na simba.

Unguja ilikuwa na posta ya India tangu 1875, na stempu za India zenye muhuri wa Zanzibar ni mkusanyo kamili peke yake. Posta hiyo ilipokabidhiwa mwaka 1895, stempu za India zilipigwa chapa ya neno Zanzibar papo hapo kisiwani, na wapanga herufi wakafanya makosa yanayotafutwa sana hadi leo, likiwemo lile la Zanzidar. Uganda nako, mwaka huohuo wa 1895, mmishonari Ernest Millar alichapa stempu kwa taipu huko Mengo, thamani zake zikiwa kwa kauri, yaani simbi zilizotumika kama fedha, kauri 200 zikiwa sawa na rupia moja. Hizo hazina sura ya Malkia, lakini mkusanyaji wa enzi hii katika eneo letu hawezi kuzipuuza.

Ninaziweka pembeni stempu hizi kwa sababu ya hatari yake. Chapa ya juu ni wino mweusi juu ya stempu ya bei rahisi, na mghushi hahitaji kuighushi stempu yenyewe; anahitaji herufi chache tu. Za taipu ni rahisi zaidi kuigwa. Katika kundi hili, kipande chochote cha bei kubwa kisicho na cheti kinunuliwe kwa bei ya stempu ya kawaida iliyo chini ya chapa hiyo, au kiachwe.

Hatua ya tano: Kugundua bandia na zilizotengenezwa upya

Bandia kamili za stempu za Uingereza za enzi hii si nyingi kama watu wanavyodhani, ingawa ipo moja mashuhuri: shilingi ya kijani iliyoghushiwa mwaka 1872 na kutumika katika posta ya soko la hisa la London, ambayo leo hukusanywa yenyewe. Yaliyo mengi ni marekebisho. Stempu yenye matundu hukatwa kingo ili ionekane haikuwa nayo. Dawa yake ni kudai pambizo pana, kwa sababu stempu iliyokatwa matundu hubaki ndogo. Stempu ya ushuru huoshwa alama ya kalamu na kupigwa muhuri bandia, na mwanga wa urujuanimno huonyesha mabaki ya wino. Matundu hutobolewa upya upande ulioharibika, na hapo utaona upande mmoja umenyooka na ni safi mno kuliko mitatu mingine. Pale palipochubuka hujazwa karatasi, na benzini hupafichua kwa kuonyesha kivuli tofauti.

Kwa kipande cha thamani, cheti ni cha lazima. Kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society London, chama kilichoanzishwa mwaka 1869, ni miongoni mwa zinazoaminiwa kote. Huduma hiyo ina ada na huchukua muda, kwa hiyo haifai kwa stempu ya bei ndogo. Hesabu kama ada ni sehemu ndogo ya bei inayotarajiwa. Cheti chenye picha kilinganishwe na stempu yenyewe, jino kwa jino, kwa sababu vyeti vya kweli huambatanishwa na stempu zisizo zake.

Hatua ya sita: Kufikia bei

Bei ya katalogi ni bei ambayo muuzaji mkubwa wa London angedai kwa nakala bora, pamoja na gharama za duka na dhamana yake. Siyo bei utakayopata ukiuza, na mara nyingi siyo bei unayopaswa kulipa. Bei ya chini kabisa katika katalogi ni ujira wa kuitafuta na kuifunga stempu hiyo. Penny Red elfu moja za kawaida haziwi na thamani ya mara elfu ya bei hiyo, na huuzwa kwa mafungu.

Fanya hivi. Andika nambari ya katalogi uliyoithibitisha kwa hatua zilizotangulia, kisha andika kasoro zote kwa ukweli, kana kwamba wewe ndiye mnunuzi. Tafuta katika kumbukumbu za minada vipande vya nambari hiyohiyo na hali inayokaribiana, na uangalie bei zilizolipwa, si zile zinazoombwa. Tovuti za mauzo zimejaa Penny Red za kawaida zinazoombewa maelfu na watu waliosoma habari za bamba la 77. Chukua vipande kadhaa, tupa cha juu kabisa na cha chini kabisa, na kilichobaki kitakupa kiwango cha soko. Kumbuka kuwa nyumba za mnada humtoza mnunuzi ada juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, na humkata muuzaji pia. Kwa hiyo stempu iliyomgharimu mnunuzi pauni 120 inaweza kuwa imempa mwenyewe pauni 80 tu.

Nakala zenye kasoro hupewa sehemu ndogo ya bei ya katalogi, wakati mwingine chini ya moja ya kumi, na hapo mjadala na muuzaji uwe wa wazi. Kwa upande mwingine, nakala bora kupindukia zinaweza kuzidi katalogi. Nakala za wastani, ambazo ndizo nyingi, hazina mwelekeo huo, na ningemwonya yeyote anayeambiwa anunue stempu za wastani kama kitega uchumi.

Hatua ya saba: Kununua ukiwa mbali

Mkusanyaji aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Muscat atanunua sehemu kubwa kupitia intaneti. Dai picha ya mbele na ya nyuma, zenye ukubwa wa kutosha kuhesabia matundu, na uulize kwa maandishi kama kuna mchubuko, ukarabati au gundi mpya. Muuzaji makini hujibu moja kwa moja na hukubali kurudishiwa mali ikiwa wataalamu wataikataa. Asiyetaka kuandika lolote amekwisha kujibu. Nunua vipande vichache vizuri badala ya mafungu ya “hazina ambazo hazijakaguliwa”, ambazo kwa kawaida zimekaguliwa na wengi kabla yako. Hesabu usafirishaji, ushuru wa forodha na gharama ya kutuma fedha ndani ya bei.

Hatua ya nane: Kutunza

Pwani yetu ina unyevu na joto, na hao ni maadui wawili wa karatasi yenye gundi. Unyevu huzaa madoa ya kahawia, na gundi hulowa ikashika ukurasa. Simamisha albamu wima kabatini, zisilaliane kwa uzito. Acha nafasi ya hewa kati yake. Weka vijipakiti vya kunyonya unyevu na uvibadilishe kila msimu wa mvua. Na fungua kurasa mara kwa mara siku kavu, mbali na jua la moja kwa moja. Wadudu wanaokula karatasi hupenda wanga na gundi, kwa hiyo kabati la chuma lililofungwa vizuri ni bora kuliko la mbao. Usitumie utepe wa gundi kamwe, wala mpira wa kufungia. Stempu ambazo hazijatumika na zina gundi kamili ziwekwe kwenye vifuko vya wazi badala ya kubandikwa kwa vikaratasi vya kushikizia, kwa sababu alama ya kikaratasi hupunguza bei.

Kila kipande kiwe na kumbukumbu: nambari ya katalogi, bamba na herufi, kipimo cha matundu, alama ya maji, kasoro, mahali kiliponunuliwa, bei na tarehe. Maelezo yaandikwe kwa penseli kwenye ukurasa, si nyuma ya stempu. Piga picha pande zote mbili na uhifadhi nakala nje ya nyumba, maana ukidai fidia ya bima utaombwa uthibitisho huo. Mwache pia mtu mmoja wa familia ajue daftari lilipo, vipande vipi vina vyeti, na mnada gani umewahi kuuza vitu vya namna hiyo. Akiamua kuuza, vipande vyenye vyeti vipelekwe mnadani kimoja kimoja, na vya kawaida viuzwe kwa fungu kwa muuzaji wa stempu baada ya kupata bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua wawili.